Saa 68 kwenye fomu, zikapita 10: kisa cha kijana wa Moshi na komyuniti sevisi ya shule

Kisa chenyewe kiko hivi. Kijana wa miaka 17, anakaa Pasua hapa Moshi, anasoma kwa skolashipu kwenye shule moja ya mtaala wa kimataifa, na shule yao inataka kila mwanafunzi wa mwaka wake awe na saa 50 za huduma kwa jamii kabla ya kufunga mwezi wa sita, ile ambayo watoto wenyewe wanaiita komyuniti sevisi. Akajaza fomu, mwandiko safi, saa 68, yaani kazidisha na chenji imebaki. Fomu ikarudi kutoka kwa koodineta, mwalimu anayesimamia saa hizo shuleni kwao, na wino mwekundu: zimekubaliwa saa 10 tu.

Mama yake akanipigia jioni ile ile. Mimi nimekaa muda mrefu na wanafunzi wa form five na six wa hapa na wa Arusha wanapojaza fomu za vyuo na za skolashipu, kwahiyo wazazi wakikwama kwenye vitu vya namna hii wananitafuta. "Mwalimu, mtoto kabeba simenti likizo nzima mpaka mikono imeota sugu, leo wanamwambia hajafanya kitu?" Nikamwambia mama, mlete kesho na fomu yake na daftari lolote alilonalo, tukae tuipitie mstari kwa mstari. Naandika hapa tulichokikuta kwa ruhusa yao, bila majina, maana najua kuna nyumba nyingi zina fomu kama hii mezani saivi na hamna mtu wa kuwaambia kinachohesabika ni kipi.

Kitu cha kwanza nilichowaambia wote wawili, mama na mwanae, ni kwamba hakuna aliyesema mtoto ni mvivu. Kubeba simenti ni kazi, kuimba kwaya ni kitu kizuri, kudeki darasa ni wajibu, ila fomu hii haiulizi umechoka kiasi gani, inauliza umemfaa nani ambaye hakuwa na wa kumfanyia, bila kulipwa na bila kupewa maksi. Mimi wanafunzi wangu nawapa swali moja la kujipima kabla hawajaandika mstari wowote: siku ile usingeenda, nani angepungukiwa? Kama jibu ni "duka" au "mimi mwenyewe" au "hakuna", usiandike. Kama jibu ni mtu fulani au mtaa fulani na unaweza kueleza wamepungukiwa nini, andika, hata kama ni saa moja na nusu tu.

Na hii sio akili ya koodineta mmoja wa Moshi aliyeamka vibaya. Ukiangalia kwa wenzetu walioweka jambo hili kwenye sheria za shule utakuta mipaka inafanana fanana. Jimbo la Ontario huko Kanada linataka saa 40 ndo mwanafunzi apate cheti cha sekondari, na wana orodha kabisa ya visivyohesabika: kazi ya kulipwa, kitu ambacho ni sehemu ya somo, kazi za kawaida za nyumbani, adhabu uliyopewa na mahakama, hata kumpa mgonjwa dawa au kuendesha mashine za umeme, maana ni mtoto wa shule yule sio nesi wala fundi. Maryland Marekani ni saa 75, au mpango wa wilaya uliokubaliwa na jimbo, na wao wanataka mwanafunzi ajiandae kwanza, afanye, alafu akae chini atafakari alichofanya. Wale wa IB, mtaala wa kimataifa wa International Baccalaureate, walikuwa na saa 150 zamani kwenye CAS, ile sehemu yao ya ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma, wakaja kuziondoa kabisa, saivi wanataka uonyeshe umeshiriki mfululizo kwa miezi 18 na angalau projekti moja ya mwezi au zaidi, na wanasema wazi kwamba huduma inatakiwa ijibu hitaji la kweli na iheshimu utu wa unaowahudumia. Shule ya huyu kijana imejiwekea saa 50 zake ila roho ya masharti ni ile ile. Saa ni namna ya kuhesabu tu.

Sasa tuje kwenye fomu.

Mstari mkubwa kuliko yote, saa 22, ulikuwa duka la mjomba, hadiwea pale maeneo ya Kiborloni. Mjomba alikuwa hana kijana wa duka Desemba, huyu akasaidia, akabeba simenti na nondo, akapanga misumari, mwisho wa siku anapewa hela ya soda na nauli. Huu ulikatwa wote na mimi ningeukata pia. Duka ni biashara, faida inaingia mfukoni kwa mjomba, na mjomba ni familia, usingeenda wewe angeweka kibarua amlipe. Hela ya soda hata ukiiita shukrani haibadilishi kitu maana ilikuwa ya kila siku na ilijulikana. Mama hapa aliumia kidogo, akasema sisi kwetu kumsaidia mjomba ni heshima. Ni heshima kweli mama, na akija kuomba chuo tutaiandika kwenye sehemu ya kazi na majukumu ya nyumbani. Ile Common App, fomu ya maombi wanayotumia vyuo vingi vya Marekani, ina nafasi ya shughuli 10 na majukumu ya familia yana sehemu yake pale, kwahiyo hizi saa 22 hazijapotea, zimekaa tu kwenye fomu isiyo yao.

Usafi wa shule na uprifekti, saa 6, zimekatwa, na sina maneno mengi hapo. Sisi tuliosoma shule za serikali tunajua kudeki, kuchota maji, kulima shamba la shule, hiyo yote imo kwenye shule zetu tangu Mwalimu Nyerere alivyotoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, na hakuna aliyekuwa anahesabiwa saa, ilikuwa ndo shule yenyewe. Darasa unalokaa wewe ukilifagia umejifagilia. Ni hivyo hivyo kwa ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ya usafi, ukifagia mbele ya geti lenu hujatoa huduma kwa mtu, ila ukienda kuzibua mtaro wa mtaa ambao unafurika kwa watu wa bondeni hapo tunaanza kuongea.

Kwaya, saa 12. Hapa wazazi wengi wa Moshi wanakasirika na naelewa kwanini, usharika kwetu ndo maisha, kijana anayeshinda kwenye mazoezi ya kwaya badala ya kuzurura ni baraka. Lakini mazoezi ya kwaya ni ibada yako na kipaji chako. Shule nyingi zinazodai saa hizi hazihesabu ibada wala kuhubiri, ya dini yoyote ile, na kijana wa madrasa anayejifunza kaswida yuko kwenye mstari huo huo. Kinachohesabika ni kile ambacho kikundi cha dini kinamfanyia mtu bila kumuuliza anasali wapi. Ndo nikamuuliza, nyie vijana wa kwaya mmewahi kutoka nje ya kanisa mkafanya kitu? Akafikiria, akasema ndio, kuna Jumamosi walienda kumjengea bibi mmoja choo, chake kilititia kipindi cha mvua, walichimba wakasomba matofali, na mwinjilisti aliyewasimamia yupo. Nikamuuliza mbona hujaandika? "Madam si ilikuwa siku moja tu, na hatukupiga picha." Saa 4 za watu wazima kabisa zimeachwa nje kwasababu hakuna picha! Tukaandika saa 4 za choo, tukafuta 12 za mazoezi.

Picha ndo inanileta kwenye kituo cha watoto. Darasa lao lilienda kituo kimoja nje ya mji, wakapeleka sabuni, sukari, unga, madaftari, wakacheza mpira na watoto, wakala, wakarudi. Yeye kaandika saa 7. Koodineta kaacha 3, kakata muda wa basi kwenda na kurudi na muda wa kula. Mimi kuhusu mstari huu nina ugomvi nao mkubwa kuliko alivyokuwa nao koodineta, na nitasema ukweli, ningeutoa wote. Vitu walivyopeleka ni sadaka ya wazazi, sadaka ni nzuri ila haina saa, huwezi kubadilisha mfuko wa sukari ukawa masaa. Ule mchezo wa mpira nani aliuomba? Watoto wale wanaletewa wageni wa kucheza nao, wanazoea sura, wageni wanaondoka, wiki ijayo wanakuja wengine. Na wengi wa watoto wanaolelewa vituoni, duniani kote sio hapa tu, wana mzazi mmoja hai au ndugu wa karibu, wamefika pale kwa umaskini zaidi kuliko kwa uyatima, kwahiyo ukienda ukapiga picha umemkumbatia mtoto wa mtu ukaweka stetasi na maneno ya huruma umemweka mtoto mwenye mama yake, mwenye jina lake, kwenye maonyesho. Nilimuuliza kijana, mtoto wa jirani yako hapa Pasua ungempiga picha ukaandika vile? Akanyamaza, alafu akasema hapana madam. Picha zimefutwa usiku ule, alifuta mwenyewe.

Basi kama unataka kituo cha watoto kihesabike na kiwe na maana, kaulize mlezi wanapungukiwa nini. Mara nyingi sio mpira. Ni mtu wa kukaa na watoto wawili wa darasa la nne kila Jumatano wamalizie homuwek, mwaka mzima, mtu yule yule. Ile tuzo ya vijana ya Duke of Edinburgh, iliyoanzia Uingereza, inalijua hili, ngazi ya shaba tu wanataka angalau miezi 3 ya kujitolea kwa wastani wa saa moja kwa wiki, na dhahabu ni miezi 12. Saa moja tu ila usiikose.

Maji kwenye Kilimanjaro Marathon, saa 5, zilipita. Mbio zile zinafanyika hapa Moshi kila mwaka, mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, tangu 2003, na vijana wengi wa sekondari wanasimama kwenye meza za maji, kwahiyo hili swali naulizwa sana. Shule nyingine zinakataa kwa sababu tukio lina wadhamini na viingilio, nyingine zinakubali kwa sababu maji barabarani ni usalama wa watu, mtu anakimbia kilomita 42 juani. Koodineta kakubali, mimi sina shida. Tisheti na chupa ya soda waliyopewa sio malipo. Miti, saa 2, zilipita pia, ila nilimuuliza mliipanda lini akasema katikati ya Januari. Jamani Januari hapa kwetu vuli imeshaisha na masika hayaji mpaka Machi, nani ameimwagilia? Hajui. Saa amepata, miti sijui. Ukitaka miti panda mvua ikianza, alafu uandike na saa za kumwagilia, hizo ndo ngumu na hizo ndo zinahesabika bila ubishi.

Ukijumlisha, 3 na 5 na 2, ndo zile 10.

Sasa tuisheni, na hapa ndo kisa kinapokuwa na nyama. Kijana aliandika saa 14 za kufundisha hesabu watoto wa mtaa wao, koodineta akaandika pembeni swali moja: unalipwa? Jibu la kweli ni ndio. Kuna watoto wawili wa darasa la saba, wazazi wao wanampa elfu mbili kwa kipindi, Jumanne na Alhamisi, na mimi nampongeza, hiyo hela ananunulia bando na kalamu. Lakini basi hiyo ni kibarua. Zikakatwa zote 14. Mama akajitetea, akasema mbona wanakaa wengine pale bure? Nikauliza bure vipi? Ikaja kujulikana kwamba watoto wengine watatu wa majirani, ambao kwao elfu mbili haipo, walikuwa wanakuja kusikiliza kwenye baraza wakati wale wawili wanafundishwa. Mama anaona hiyo ni huduma. Nilifikiri sana hapa, maana moyo wangu ulikuwa upande wa mama, ila ukweli ni kwamba saa ile imeshalipiwa, alikuwa angekuwepo pale hata wale watatu wasingekuja, huwezi kuiuza saa alafu ukaitoa sadaka.

Ila kijana mwenyewe, bila kushtuka kwamba anasema kitu cha maana, akasema wale watatu walikuwa wanashindwa kwenda sambamba na wale wawili, sehemu na desimali zinawapiga chenga, kwahiyo tangu shule zifunguliwe Januari akawaambia wawe wanakuja Jumamosi asubuhi baraza ya ofisi ya mtaa, peke yao, na sasa hivi wamefika sita. Saa moja na nusu. Analo daftari, kaandika tarehe na mada na nani kafeli swali gani. Hajaandika kwenye fomu hata dakika moja. Kwanini? "Madam hiyo sio projekti, ni madogo tu wa mtaani."

Hapo nilisimama. Kijana ana kitu ambacho wanafunzi wengine wanatengeneza kwa nguvu ili wapate cha kuandika, yeye anacho na anakificha kwasababu hakina bango, hakina tisheti, hakuna mzungu, hakuna basi la shule. Nimeliona hili mara nyingi mno kwa watoto wetu wa uswahilini wakiingia shule za kimataifa, wanajifunza kwamba huduma ni kitu unachopanda gari kwenda kukifanya kwa watu wengine, kule mbali, na kile wanachofanya kwenye mtaa wao kila siku hawakioni. Sio kosa lao, ndivyo wanavyoonyeshwa. Swali langu lile lile: Jumamosi usipoenda nani anapungukiwa? Watoto sita wenye mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa, wasio na hela ya tuisheni. Hujaombwa na shule, hulipwi, hupewi maksi, unafanya kila wiki, na wanajulikana kwa majina. Sijui mtu anataka nini zaidi.

Koodineta tulipoenda kuongea naye alitaka vitu viwili, na vyote alikuwa sawa. Cha kwanza mtu mzima wa kushuhudia ambaye sio mama yake, mzazi hawezi kumsainia mwanae. Mwenyekiti wa mtaa alishawaona pale karibu kila Jumamosi, akaandika barua fupi na mhuri. Cha pili usalama wa watoto, nani yupo karibu wakati kijana wa miaka 17 anakaa na watoto wadogo? Baraza iko wazi barabarani na kuna mama mmoja anauza vitumbua hatua chache kutoka pale, anawaona muda wote, naye jina lake likaandikwa kwenye fomu kwa ridhaa yake. Wakahesabu Jumamosi zilizomo kwenye daftari, zikawa 9, mara saa moja na nusu, saa 13 na nusu. Zimepita bila kukatwa.

Likaja la mwisho ambalo ndo tulibishana kwa heshima karibu nusu saa, msaragambo, yaani ile kazi ya pamoja ya kijiji.

Desemba kama mnavyojua Kilimanjaro nzima inarudi nyumbani, huyu naye alipanda kwa bibi yake Uru, kule mlimani. Mvua za vuli zilikuwa zimejaza mfereji matope na majani, na mfereji wa kijiji kabla ya kiangazi cha Januari na Februari usiposafishwa maji hayafiki kwenye vihamba, yale mashamba ya nyumbani, vya chini, migomba inakauka, maharage hakuna. Kamati ya mfereji ikaitisha msaragambo siku tatu, kila nyumba itoe mtu, asiyetoa analipa faini. Kijana akaenda siku zote tatu, masaa matano kila siku, ndani ya maji baridi na jembe na chepe. Kwenye fomu hakuna neno. Nilipomuuliza likizo ulifanya nini zaidi ya duka la mjomba ndo likatoka, na alilisema kama mtu anayesema nilipiga mswaki.

Koodineta sio mtu wa Kilimanjaro na aliuliza maswali ambayo mtu wa nje lazima aulize. Hii si ni lazima? Mtu akitishiwa faini amejitoleaje? Na mfereji si unamwagilia shamba la bibi yako? Hiyo ni kazi ya nyumbani kama kufyeka kihamba chenu. Mama alitaka kujibu kwa hasira nikamgusa mkono. Maana maswali ni ya haki. Nikamweleza kwamba mifereji ya Uchagani imechimbwa na kutunzwa na watu wenyewe kwa karne nyingi, kabla hajafika mmisionari wala mkoloni, hakuna kampuni wala mamlaka inayokuja kuzibua, watu wakikaa nyumbani maji yanakatika kwa kijiji kizima, kuanzia kwa mzee wa chini kabisa ambaye hana nguvu ya kupanda kulalamika. Ukimuuliza mtu yeyote wa mlimani kazi ya jamii ni nini, atakutajia hii kabla ya kitu chochote. Kama fomu ya huduma kwa jamii haina nafasi ya msaragambo basi fomu imekosewa mahali, huo ndo msimamo wangu na nilimwambia hivyo mbele yake, kwa upole.

Ila nikakubali pia hoja yake, kwamba kuna tofauti kati ya zamu ya nyumba yako na kinachozidi hapo. Tukamuuliza kijana siku zote tatu uliwakilisha nyumba ya bibi? Akasema hapana, ya bibi ilikuwa siku ya kwanza tu. Siku ya pili alienda badala ya mzee mmoja jirani anayeumwa miguu na watoto wake hawakuja Desemba, siku ya tatu badala ya mjane mmoja aliyekuwa anauguza. Mwenyekiti wa mfereji ana daftari, majina ya nyumba na nani kafanya, tukampigia simu pale pale akatuma picha ya kurasa mbili kwa watsap, jina la kijana limeandikwa mara tatu kwenye nyumba tatu tofauti. Koodineta akasoma, akarudia kusoma. Siku ya kwanza akasema hii ni wajibu wa nyumba yenu, sitaihesabu. Siku ya pili na ya tatu nahesabu zote, saa 10.

Kuna kitu kidogo, yule mzee alimpa chane mbili za ndizi. Kijana aliogopa kusema akidhani itahesabiwa malipo, akasema tu kwa kuwa mama alimwangalia. Koodineta akasema hapana, hukukubaliana nae kabla na usingekataa kwenda kama asingekupa, hiyo ni asante. Nimependa sana alivyotenganisha. Hela ya soda ya mjomba ilikuwa ya kila siku na kijana alikuwa anaitegemea, ndizi za mzee zilikuja kazi imeshaisha.

Binafsi hata ile siku ya kwanza ningeihesabu, mfereji haumwagilii kwa bibi peke yake. Lakini yeye ndo anayesaini na hoja yake ina msingi, hatukuendelea.

Wazazi wawili watatu walionisikia nikisimulia hiki kisa wameuliza na JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, je, mtoto akienda yale mafunzo ya miezi mitatu baada ya form six si ni kulitumikia taifa? Ni kulitumikia taifa, ila ni kwa mujibu wa sheria na mtoto anakuwa ameshamaliza shule, fomu ya sekondari imeshafungwa. Iandikeni kwenye maombi ya chuo kama JKT, kwa jina lake, inajitosheleza.

Basi hesabu mpya ikawa hivi: zile 10 za mwanzo, choo cha bibi 4, madogo wa Jumamosi 13 na nusu, mfereji 10. Jumla 37 na nusu. Zimebaki 12 na nusu, na koodineta akamwambia kijana wazi kwamba hataki kuona kituo kingine cha watoto wala basi, azimalizie pale pale baraza ya ofisi ya mtaa, Jumamosi tisa zinatosha na ziada kidogo, na mwisho aandike ukurasa mmoja wa alichojifunza kuhusu kwanini mtoto wa darasa la saba anashindwa desimali. Akamuuliza swali moja ambalo mimi sikuwa nimelifikiria, shule mnafunga mwezi wa sita na saa zako zitakuwa zimetimia, wale watoto mtihani wao ni mwezi wa tisa, utawaambiaje? Kijana akasema wameshakubaliana mpaka siku ya mtihani, na kwamba Juni na Julai akiwa likizo wataongeza na Jumatano. Hizo za Jumatano akauliza kama aziandike. Koodineta akamwambia aziandike kwenye daftari la watoto, kwenye fomu hazina nafasi tena.